Zimwi Moja, Nyimbo Sitini

Hotuba kwa wanaoanza kufuma, iliyotolewa Njombe katika msimu wa baridi

Mheshimiwa Mwenyekiti, mama zetu mliotushikisha sindano kwa mara ya kwanza, walimu wenzangu, kaka zetu mliokuja bila kujali mtaani watasema nini, na ninyi wanafunzi wapya mlioketi na madonge ya uzi mapajani: wakubwa zangu, shikamooni; wadogo zangu, hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie mada mbili, na katikati yake ikawekwa chai. Ya kwanza ni namna mtu asiyewahi kufuma anavyoweza kutengeneza zimwi la kuchezea watoto. Ya pili ni namna kikundi hiki kinavyoweza kushirikishana nyimbo ambazo kila mmoja wenu anazipenda. Waandaaji wa ratiba waniwie radhi, kwa maana nitazizungumza zote mbili kwa pamoja, na chai itabidi isubiri kidogo.

Sababu yangu ni ya hesabu. Zimwi dogo kuliko yote ninalofundisha lina vitanzi 30 kwa upana na mistari 120 kwa urefu, yaani vitanzi 3,600 kabla hujagusa mkono wala mkia. Mtu anayeanza, tukihesabu na kule kusita kwake, kutazama dari na kumuuliza jirani, hufuma vitanzi kama 10 kwa dakika. Hizo ni dakika 360, ambazo ni saa sita kamili. Sasa chukueni wimbo wa dansi wa zamani, ule wenye mashairi mwanzoni na magitaa ya kuchemka mwishoni, mkauweka kwenye dakika sita: zimwi moja la mwanafunzi mpya ni nyimbo 60. Sijakutana na mtu mwenye nyimbo 60 mfululizo ambazo angependa kuzisikiliza zote bila kuruka hata moja. Lakini watu kumi, kila mmoja akija na sita za moyoni mwake, wanazo nyimbo za kulimaliza zimwi, na zaidi ya nusu ya nyimbo hizo zitakuwa mpya masikioni mwa kila aliyeketi chumbani. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba muziki hapa ni wa kuchangamsha ukumbi tu wajue kwamba ndio unaomfanya anayeanza aketi saa zote hizo bila kuiacha kazi njiani.

Nianze na swali ambalo naulizwa kila ninapofundisha: kwa nini zimwi, wakati zipo skafu, kofia na soksi za watoto wachanga? Desturi ya kumwanzisha mwanafunzi kwa skafu naijua, na wengi wetu humu tulianzishwa hivyo. Ubaya wa skafu ni kwamba haina mwisho unaoonekana, na kila kosa lililo ndani yake linabaki shingoni mwa mtu, mbele ya macho ya watu, kwa miaka. Sweta ni kali zaidi, kwa sababu linapimwa kwa mwili: mkono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, hakuna hoja utakayoitoa ikakubalika. Hata dubu au sungura wa kuchezea ana sheria zake, maana kila mtu anajua masikio ya sungura yanakaa wapi, na mtoto wa miaka minne atakusahihisha bila huruma. Zimwi halina aliyeliona. Likiwa na jicho moja ni zimwi, likiwa na matano ni zimwi. Likipinda upande, ndivyo mazimwi yalivyo. Mwanafunzi anamaliza kazi yake ya kwanza akiwa na kitu kizima mkononi, kisicho na mahali pa kulinganishwa na kingine, na ninaamini kwamba mtu aliyemaliza kitu kimoja hurudi wiki inayofuata, ilhali yule aliyeacha skafu katikati hutafuta udhuru.

Wala tusidhani kwamba tunaleta jambo geni. Ngano zetu zimejaa viumbe ambavyo hakuna aliyeweza kuchora sura yake ikakubaliwa na wote. Wagikuyu wana irimu, ambalo hujifanya kijana mtanashati, kumbe nyuma ya kichwa, chini ya nywele, limeficha mdomo wa pili; na naomba mfumaji mmoja humu alijaribu hilo, kwa sababu mdomo wa kisogoni ni rahisi kuufuma na mtoto atafurahi kuugundua mwenyewe. Pwani kuna ngano ya Nunda mla watu, aliyeanza kama paka wa sultani, akala ndama, akala mbuzi, akaishia kula watu, huku sultani akikataa kusikiliza malalamiko kwa sababu paka ni wake. Kijana mdogo wa sultani anapotoka kwenda kumsaka, hamjui anafananaje. Anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kuanzia mbwa hadi tembo, na kila mara anamburuta hadi nyumbani na kumwimbia mama yake akimuuliza kama ndiye, na mama anamjibu kwa wimbo kwamba siye. Angalieni jinsi ngano hiyo ilivyopangwa: sura ya zimwi haijulikani, na kinachoibeba hadithi kutoka mnyama huyu hadi yule ni wimbo wenyewe, unaorudiwa na wasikilizaji wote waliokaa kuzunguka moto. Hapo ndipo penye mizizi ya shughuli yetu ya leo, ingawa wao hawakuwa na sindano.

Na wachongaji wa Kimakonde walishalifanya jambo hili kwa mpingo. Katika miaka ya 1950 Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani, yenye jicho moja, midomo mipana na viungo visivyolingana, akaacha gogo lenyewe liamue kiungo kipinde wapi. Leo mtindo huo unajulikana duniani kote kwa jina la shetani, na hakuna anayeingia katika duka la vinyago akauliza kwa nini mkono wa kushoto haulingani na wa kulia.

Najua kwamba kuna wazazi ambao hawatapenda. Nimeshaambiwa, tena kwa heshima kabisa, kwamba si vyema kumlaza mtoto na kitu chenye jina la zimwi, kwamba ni kuyaita mabaya nyumbani. Silidharau neno hilo, kwa kuwa anayelisema ni mtu anayemlinda mtoto wake. Jibu langu ni dogo. Mwachieni mtoto mwenyewe alipe jina, kisha msikilize. Wengi huliita jina la shangazi au la mbuzi wa jirani, na hofu ya mzazi huishia hapo. Mtoto anayeogopa giza anapewa zimwi analoweza kulibeba kwa sikio, kulikalisha chini na kulikaripia, na wahenga walishasema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mzazi asiyeridhika bado anayo haki ya kukataa, nasi tutamfumia mwanawe mto.

Sasa twende kwenye kazi. Uzi wenu mwingi humu ni wa akriliki, ule wa sweta unaouzwa kwa madonge, na unafaa sana kwa sababu unafulika, haupungui na rangi zake zinapiga kelele, jambo ambalo kwenye sweta ni aibu lakini kwenye zimwi ni sifa. Soma karatasi iliyozungushiwa donge uone inapendekeza sindano gani, halafu chukua iliyo nyembamba zaidi. Kama karatasi inasema milimita 4, yaani namba 8 kwa vipimo vya zamani vya Kiingereza ambavyo mama zetu wanavitumia bado, wewe shika namba 10, ambayo ni milimita 3.25, mkumbuke kwamba kwa vipimo hivyo namba ikipanda, sindano inapungua unene. Sweta linataka kulegea ili liufuate mwili, lakini zimwi linataka kubana ili kilichomo ndani kisichungulie nje. Wasio na sindano za dukani wasikate tamaa. Spoku ya baiskeli ina unene wa milimita 2 hivi, ikinolewa ncha kwenye jiwe inafaa kabisa kwa uzi mwembamba, na vijiti vya mianzi vilivyopigwa msasa vinafaa kwa uzi mnene, tena kwa anayeanza mianzi ni bora kuliko chuma kwa sababu vitanzi havitelezitelezi.

Anzisha vitanzi 30, na uache mkia wa uzi wenye urefu wa mkono mmoja, kwa sababu ndio utakaoshonea baadaye. Fuma kila mstari kwa kitanzi kile kile cha usoni, yaani kile cha kawaida ambacho uzi hukaa nyuma ya kazi, kwenda na kurudi, bila kubadilisha kitu. Kitambaa kitakuwa na matuta pande zote mbili, kitalala bapa bila kujikunja, na kila mistari miwili itakuwa tuta moja. Siri ya ufumaji huu ni kwamba idadi ya matuta ikilingana na idadi ya vitanzi, kitambaa kinakuwa mraba. Kwa hiyo vitanzi vyetu 30 na matuta yetu 60 vinatoa kipande ambacho ukikikunja katikati unapata mraba wa sentimita 12 hivi kila upande, kutegemea mkono wako. Huna haja ya rula. Hesabu matuta, au ukichoka kuhesabu, kunja pembe hadi pembe uangalie.

Nataka tukae kidogo kwenye mambo yanayoharibika, kwa kuwa hapo ndipo zimwi linapolipa. La kwanza huwatokea karibu wote. Mwanafunzi anapogeuza kazi kuanza mstari mpya, huupitisha uzi juu ya sindano badala ya kuuacha uning'inie chini. Kitanzi cha kwanza kinavutika, kinaonyesha miguu miwili, naye anavifuma vyote viwili kama vitanzi viwili. Hakuna anayetambua mpaka vitanzi 30 vimekuwa 37 na kitambaa kimepanuka kuelekea juu. Kwenye skafu tungefumua. Kwenye zimwi tunamfundisha kuushusha uzi, ili lisiendelee kutokea bila yeye kutaka, lakini kilichokwisha kufumwa tunakiacha: zimwi hilo limepata mabega. La pili ni kitanzi kilichoponyoka kwenye sindano. Kisiposhikwa kinashuka mstari baada ya mstari na kuacha ngazi wazi katikati ya kitambaa. Kishike kwa pini pale pale kilipofikia, kifunge nyuma kwa kipande cha uzi, kisha uzungushie ile nafasi mshono wa uzi mwekundu. Huo ni mdomo, na nimeona midomo ya namna hiyo ambayo hata mfumaji wa miaka mingi asingeweza kuipanga akiwa na nia.

Mikono na mkia hutengenezwa kwa tabia nyingine ambayo kwa kawaida tunaigombeza. Ukianzisha vitanzi sita na kufuma mstari mmoja kwa kitanzi cha usoni na wa kurudi kwa kitanzi cha kinyume, yaani uzi ukikaa mbele ya kazi, kama tunavyofuma mwili wa sweta, kingo za kitambaa hujikunja kuelekea nyuma zenyewe. Kwenye sweta tunaweka mpaka wa matuta ili kuzuia jambo hilo. Hapa tunaliacha lifanye kazi: ukanda mwembamba unajiviringisha kuwa bomba, nawe unaupitishia mishono michache tu, mkono umepatikana.

Kisha rudi kwenye kile kipande kikubwa, ukikunje katikati kiwe mraba, kunjo likae chini, shona pande mbili kwa sindano butu, ukiokota tuta la upande huu na tuta la upande ule bila kuvuta sana. Kutoka katikati ya kunjo pandisha mshono wa wima wa sentimita nne hivi, nawe umepata miguu. Jaza kupitia juu, ukiacha pembe mbili za juu tupu, funga, halafu tenga kila pembe kwa mshono wa mshazari; hayo ni masikio, au pembe za kichwani, mtoto ataamua.

Kuhusu kujaza, kila nyumba ina dini yake. Wenzetu wa pwani wana sufi ya msufi, nyepesi na laini kuliko kitu chochote ninachokijua, yenye nyuzi tupu ndani na mafuta ya asili yanayokataa maji, ndiyo maana ilijazwa kwenye makoti ya kuokolea mabaharia hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Lakini sufi inashika moto haraka mno, na inakusanyika madonge ikishafuliwa, kwa hiyo siipendekezi kwa mtoto anayelala karibu na jiko la mkaa, jambo ambalo katika baridi hii ya Njombe si la kubuni. Pamba ghafi ni nzuri, ila ikilowa inakuwa nzito na huchukua siku kukauka kwenye ukungu wetu. Sponji iliyokatwakatwa ya mafundi magodoro ni rahisi, ingawa huonekana matuta kwa nje. Mimi hupendelea fulana kuukuu zilizochanwa vipande vyembamba kama tambi, pamoja na mabaki ya uzi wenyewe. Chochote utakachotumia, tia kidogo kidogo, anza na miguu, na usishindilie hadi matuta yaachane.

Macho yashonwe kwa uzi. Hili nalisema bila mzaha. Vifungo vinapendeza, lakini mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, na kifungo kilichong'oka kinaweza kumziba pumzi. Kama zimwi linakwenda kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, hata kama si yeye aliyefumiwa, weka jicho la uzi.

Sasa nirudi kwenye zile nyimbo 60, kwa sababu si kila wimbo unafaa kila kazi, na ningependa tusaidiane kuchagua.

Babu na bibi zetu walifanya kazi kwa nyimbo. Waliotwanga walipokezana michi kwa wimbo, waliovua walikuwa na kimai, na waliofyeka mashamba ya pwani walikuwa na wawe. Hodiya, nyimbo hizi za kazi, ziliwafanya watu wengi wainue mikono kwa wakati mmoja. Kufuma hakuko hivyo. Kila mkono una mwendo wake, mmoja anafunga vitanzi huku mwenziwe anaanzisha, na tukijaribu kufuma kwa mdundo mmoja, wepesi watachoka kusubiri na wazito wataangusha vitanzi. Ndiyo maana sishauri mtu afume akifuata ngoma. Ngoma ikikaza, vidole vinakaza, na vitanzi vinabana hadi sindano haiingii. Nimeona kitambaa ambacho ungeweza kuonyesha kwa kidole mahali gitaa lilipoanza kuchemka.

Rumba ya Kongo inatufaa kwa sababu imegawanyika vizuri. Sehemu ya kwanza ni ya waimbaji, taratibu, sauti zikipandana. Kisha linakuja sebene, magitaa yanashika uongozi na watu wanainuka. Enzi za santuri ndogo wimbo mmoja ulikuwa ukikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili, na ilibidi mtu anyanyuke kugeuza sahani. Fumeni kwenye mashairi, na sebene likianza wekeni kazi chini, nyoosheni vidole, chezeni. Nyimbo za Franco na TPOK Jazz za miaka ya 1980 nyingi zinapita dakika 10, na hapo mwanafunzi mpya anapata mistari mitatu na bado sebene linamsubiri. Kuna faida nyingine ambayo huwa nasema kwa sauti ya chini: wengi wetu hatujui Kilingala. Tumeimba nyimbo hizo tangu utotoni bila kuelewa neno, na kwa anayehesabu vitanzi hiyo ni neema, kwa maana hakuna ubeti unaomwita aache kuhesabu.

Kiswahili kinadai zaidi. Remmy Ongala, aliyetoka Kivu akaja Dar es Salaam mwaka 1978, anapoimba kuhusu mnyonge na mwenye nacho, mfumaji husimamisha sindano hewani amsikilize, na ana haki. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe linaruhusu kazi, lakini maneno yake hayaruhusu. Taarabu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa shairi limejaa mafumbo, na mtu anayejiuliza anayesemwa ni nani hawezi kujua kama yuko kwenye kitanzi cha 14 au cha 17. Wekeni taarabu kwa siku ambayo mmeshazoea na mikono inakwenda yenyewe. Siku hiyo anzeni na Siti binti Saad, ambaye hapaswi kukosa kwenye mkutano wa watu wa kazi za mikono: alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilijulikana kwanza kwa wanunuzi wa vyungu.

Singeli naipenda, na vijana waliokaa nyuma wasinune. Ila ni muziki unaokimbia zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na hakuna kiumbe anayeweza kufuma ndani yake. Tumeutengea kazi yake: kuchana fulana na kujaza matumbo ya mazimwi.

Namna ya kushirikishana nyimbo tusiibuni upya, kwa sababu wazee wetu walikuwa nayo. Wenye umri wangu wanakumbuka kadi za salamu za redio. Siku zile bendi nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na waliotaka kutoa santuri ikabidi waende Nairobi. Nyimbo nyingi nzuri hazikupatikana dukani kabisa, zilikuwa kwenye mikanda ya redio, na njia ya kuusikia wimbo wako ilikuwa kuuomba. Ulinunua kadi, ukaandika jina lako na la mahali ulipo, ukaandika majina ya unaowasalimu hadi nafasi ikaisha, ukataja wimbo, ukamalizia na ujumbe. Kadi ikasomwa hewani, na nchi nzima ikasikiliza wimbo ambao wewe, mkulima wa kijiji kisichojulikana, uliuchagulia ndugu zako. Nayaheshimu sana matendo hayo. Mtu hakusema wimbo huu ni bora kuliko wenu; alisema nausikia kwa ajili ya fulani na fulani. Simu zetu zimetupa nyimbo zote, zikatupokonya hilo la fulani na fulani, kwa sababu kila mmoja anasikiliza peke yake na vitu masikioni.

Kwa hiyo napendekeza, na Mwenyekiti amekubali, kwamba kila wimbo utakaopigwa hapa uje na kadi. Aliyeuleta asome kadi yake: jina, anakotoka, anaowasalimu, wimbo, ujumbe. Wimbo ukianza, usikatwe hadi uishe, na asiyeupenda afume kimya. Maoni yatolewe ukishamalizika, tena kwa aliyeuleta, si kwa jirani pembeni. Nyimbo za Kikinga na za Kibena zije, kwaya zije, muziki mpya uje. Kama umeleta wimbo ambao mzee humu anaujua kwa jina jingine au kwa bendi nyingine, mwacheni azungumze, maana habari za bendi nyingi ziko vichwani mwa watu kuliko kwenye vitabu.

Na zimwi likikamilika, lishonewe kadi yake mgongoni, kwenye kijifuko cha vitanzi 10 kwa mistari 20, yenye jina la aliyefuma na la wimbo uliokuwa ukipigwa alipofunga kitanzi cha mwisho. Mtoto hatajua kusoma sasa. Atakapojua, atakuwa na wimbo wa kuutafuta, nao huenda ukawa wa zamani kuliko mama yake.

Kadi ziko mezani karibu na mlango, pamoja na kalamu. Sindano namba 10 ziko jozi za kutosha wote, ila naomba zirudi. Wenye fleshi wampe kijana aliye kwenye spika, yeye atazipanga kwa zamu bila upendeleo, na singeli zote ziwekwe pembeni hadi jioni, tutakapokuwa na matumbo ya kujaza. Chai sasa inaruhusiwa, lakini vikombe vikae sakafuni, mbali na uzi. Asanteni sana.